Mwezi Utakapozama Umepatwa: Ushauri kwa Watazamaji wa Kashojwa na Mbarara

Alfajiri ya Ijumaa, tarehe 28 Agosti 2026, mwezi mpevu utaingia kwenye kivuli cha dunia, nasi tulio Kashojwa, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Isingiro, tutauona bila kulipa senti na bila miwani ya aina yoyote. Kivuli kitaanza kuumega saa 11 na dakika 33. Ikifika saa 12 na robo, nusu ya upana wake itakuwa imekwisha kuingia gizani. Kiasi cha saa 12 na dakika 55, jua likichomoza migongoni mwetu, mwezi utazama magharibi ukiwa umefunikwa karibu sehemu tisa kati ya kumi za kipenyo chake. Kilele chenyewe ni saa 1 na dakika 13 asubuhi, lakini wakati huo sisi hatutakuwa na mwezi tena, utakuwa umeshashuka nyuma ya vilima.

Kwa hiyo muda wetu wa kutazama ni saa moja na dakika ishirini hivi, na muda wote huo kunapambazuka na mwezi unazidi kushuka. Ndiyo sababu naandika mapema. Kupatwa kwa mwezi katikati ya usiku humvumilia mtu mvivu: akitoka nje saa yoyote anaukuta juu ya paa. Huku kwa alfajiri kunamtaka mtu aliyechagua mahali pa kusimama tangu jana yake.

Nianze na habari njema, maana wengi hudhani vitu vya angani huonekana vizuri zaidi kwa watu wa miji mikubwa. Safari hii kadiri ulivyo magharibi ndivyo unavyoona zaidi, kwa kuwa mwezi unachelewa kukuzamia. Mtu wa Mombasa mwezi utamzamia mnamo saa 12 na dakika 24, umefunikwa chini kidogo ya theluthi mbili. Wa Nairobi ataongezewa dakika kama nane. Mogadishu, ambako majirani zetu wengi Wasomali wana jamaa, watapata dakika ishirini na kitu tu tangu kivuli kianze, tena kukiwa kumeshakucha. Muscat hawataona chochote, mwezi utakuwa umezama kabla. Sisi wa Isingiro na Mbarara tunawazidi wote hao, na wa Bukavu na Goma wanatuzidi sisi kwa dakika chache. Anayetaka kuona kilele chenyewe itambidi awe mbali zaidi, kama Kinshasa, au ng'ambo ya bahari.

Tena Kashojwa tuna kitu ambacho Mbarara hawana: giza. Taa zetu ni za sola, chache, na nyingi huzimwa watu wakilala. Mbarara imekuwa jiji tangu tarehe 1 Julai 2020, na barabara zake zina taa mpaka asubuhi. Mwangaza wa taa hauufichi mwezi, lakini unaficha ule weusi mpole wa kivuli mwanzoni, na unawanyima macho nafasi ya kuzoea giza.

Sasa suala la mahali, ambalo ndilo kubwa kuliko yote. Mwezi utakuwa upande wa magharibi, na hautakuwa juu. Nyosha mkono wako mbele, kunja ngumi, funga jicho moja: ngumi hiyo inafunika nyuzi kumi hivi za anga. Saa 11 na dakika 33, kivuli kinapoanza, mwezi utakuwa ngumi mbili juu ya ardhi. Saa 12 na robo utakuwa ngumi moja. Saa 12 na dakika 35 utabaki na nusu ngumi, yaani upana wa vidole vitatu vya kati. Ukisimama nyuma ya nyumba ya jirani, au chini ya shamba la migomba, au bondeni penye kilima upande wa magharibi, utauona mwanzo tu, kisha utabaki unatazama majani.

Njia ya kuhakikisha ni rahisi, nami nasisitiza kila nyumba iifanye. Jioni ya Alhamisi, tarehe 27 Agosti, nenda pale unapokusudia kusimama, ungoje jua litue. Angalia ni wapi hasa linagusa ardhi: mti gani, kona gani ya kilima, paa la nani. Kisha nyosha mkono, upime ngumi mbili kutoka hapo kwenda kushoto. Hapo ndipo mwezi utakapozama kesho yake asubuhi. Wakati huu wa mwaka jua linatua kaskazini kidogo ya magharibi, na mwezi mpevu, ambao siku zote hukaa mkabala wa jua, unatua kusini kidogo kwa kiasi kile kile. Ukikuta hapo pana mwembe au bati la duka, sogea. Afadhali usogee jioni kuna mwanga kuliko kuhangaika alfajiri na tochi.

Wanaokaa kwenye miteremko inayotazama magharibi hawana haja ya kwenda popote. Watoke tu na viti vyao. Wa mabondeni wapande hadi penye nyasi ambapo macho yanafika mbali. Uwanja wa shule unafaa sana, maana uko wazi na kila mtoto anaijua njia yake, mradi wazee wa kijiji na mwalimu mkuu wawe wamearifiwa siku moja au mbili kabla, ili mlinzi asishtuke kuona kundi la watu saa 11 alfajiri.

Kuna mahali pamoja ambapo nasema msiende: ukingoni mwa ziwa. Najua maji hupendeza, na mwezi juu ya Ziwa Nakivale ni kitu cha kutazamwa. Lakini kuna viboko. Usiku hutoka majini kula majani, na alfajiri ndiyo saa yao ya kurudi. Mtu aliyesimama kati ya kiboko na maji, shingo imeinuliwa juu, masikio yamezibwa na mazungumzo, yuko hatarini kweli kweli. Isitoshe, alfajiri ukungu huinuka kwenye mabwawa na kuficha upeo wa macho, kwa hiyo hata picha uliyoifuata huenda usiipate. Panda juu, liache ziwa.

Walio Mbarara nao wana lao. Mtaa wa High Street na katikati ya mji haufai, majengo yanakula ile ngumi moja ya mwisho. Mwenye ndugu anayekaa ghorofani, dirisha au baraza likiwa la magharibi, amwombe ruhusa mapema. Mwingine apande sehemu yoyote ya juu penye uwazi, afanye lile zoezi la jua la jioni kama sisi. Wanafunzi wa chuo kikuu cha sayansi na teknolojia wana viwanja na marafiki wenye darubini. Ningefurahi kusikia wamewaalika watoto wa mitaa ya jirani waje kuchungulia.

Mtakapokuwa mmesimama, mtaona nini hasa? Tangu saa 10 na dakika 24 mwezi utakuwa umeanza kupita kwenye kivuli hafifu, lile pindo la nje ambako dunia inaziba sehemu tu ya mwanga wa jua. Macho ya kawaida hayaoni kitu mwanzoni. Mnamo saa 11 na dakika 20 mtu makini ataona upande wa juu wa mwezi umekuwa kama una moshi. Kisha, saa 11 na dakika 33, kivuli kikuu kinagusa. Kitaanzia juu, kidogo kushoto, kwa sisi tunaoutazama ukishuka magharibi. Kitateremka taratibu, wala usitegemee kukiona kikitembea, tazama, geuka uzungumze na mwenzako, tazama tena. Saa 12 kamili theluthi moja ya kipenyo imekwenda. Saa 12 na nusu sehemu saba kati ya kumi. Mwanga utakaobaki utakuwa chini, upande wa kulia.

Angalia ukingo wa kivuli chenyewe. Umejipinda, sehemu ya duara kubwa kuliko mwezi. Hilo ni umbo la dunia yetu. Aristotle aliutumia ukingo huo zaidi ya miaka 2300 iliyopita kuonyesha kwamba dunia ni mviringo, na mtoto wa darasa la tano aliyesimama Kashojwa anaweza kuushuhudia kwa macho yake bila kumwamini mtu yeyote.

Mwezi unapopatwa wote, huwa mwekundu kama shaba, kwa sababu mwanga kidogo wa jua hupinda kwenye hewa ya dunia na kuufikia, na hewa hiyo huchuja buluu na kuacha wekundu. Waliokuwa nje usiku wa Jumapili, tarehe 7 Septemba 2025, kama mawingu hayakuwazibia, wanakumbuka: tangu saa 2 na nusu mpaka karibu saa 4 usiku mwezi wote ulikuwa ndani ya kivuli. Safari hii msitarajie wekundu ule. Sehemu itakayobaki na mwanga itakuwa inang'aa kuliko ile yenye giza, na juu yake kuna mapambazuko. Mwenye darubini ndogo ya mikononi huenda akaona rangi ya kahawia iliyofifia kwenye sehemu ya giza kati ya saa 12 na saa 12 na nusu. Asiye nayo ataona mwezi uliomegwa, na hiyo inatosha kabisa. Kupatwa kwa sehemu kulikoonekana kwetu hivi karibuni kulikuwa kudogo: tarehe 28 Oktoba 2023 mwezi ulimegwa kama sehemu moja kati ya nane ya kipenyo, na tarehe 18 Septemba 2024 hata sehemu moja kati ya kumi haikufika. Wengi walitazama wakasema hawajaona kitu. Safari hii hata asiyejali ataona.

Ukiwa mahali palipo wazi pande zote mbili, fanya jambo hili: ikikaribia saa 12 na dakika 55, geuka mashariki. Jua linachomoza upande ule, mwezi uliopatwa unazama upande huu, na wewe uko katikati juu ya dunia ambayo kivuli chake kinapita kichwani mwako kwenda kuangukia mwezi. Kwa dakika moja au mbili, hewa ikiwa safi, unaweza kuviona vyote viwili. Si rahisi, kwa kuwa mwisho wa Agosti kuna vumbi na moshi wa kuchoma mashamba karibu na ardhi. Lakini jaribu.

Kuhusu macho, niseme wazi maana hapa watu huchanganya. Kuutazama mwezi uliopatwa hakudhuru macho hata kidogo, uwe mtoto, mzee au mama mjamzito. Unautazama kwa macho matupu, kwa darubini, kwa muda wowote. Kinachodhuru macho ni jua. Tarehe 2 Agosti 2027 kutakuwa na kupatwa kwa jua, kamili huko Misri na Afrika ya Kaskazini, na kwetu litapatwa sehemu. Siku hiyo, na siku nyingine yoyote ya namna hiyo, miwani maalumu ya jua ni lazima. Kioo kilichopakwa masizi, karatasi ya eksirei, miwani ya kawaida ya giza, na maji ndani ya beseni havikulindi vya kutosha. Watoto waelezwe tofauti hii sasa, ili ruhusa tunayowapa kwa mwezi wasije wakaichukua kwa jua. Hata alfajiri hii ya Agosti, mwenye darubini mkononi asiielekeze mashariki jua likishatokea.

Tuna sababu yetu wenyewe ya kuzungumza juu ya hofu. Pale Biharwe, kando ya barabara kuu iendayo Masaka, karibu na kituo cha utamaduni cha Igongo, umejengwa mnara wa kumbukumbu ya kupatwa kwa jua. Simulizi za ufalme wa Nkore husema kwamba zama za mfalme Ntare wa Kwanza, jeshi la Bunyoro la mfalme Olimi lilikuwa likirejea na ng'ombe wengi waliotekwa. Likafika Biharwe, jua likazimika mchana. Askari wakatawanyika, ng'ombe wakabaki Nkore. Wanahistoria wengi wamelilinganisha tukio hilo na kupatwa kwa jua kwa tarehe 17 Aprili 1520. Mkienda Mbarara, pitieni mkauone na watoto. Ni nadra kupata nchi iliyoweka jiwe kukumbuka kivuli. Lakini fikirieni vilevile wale askari. Hawakuwa waoga, walikuwa hawajaambiwa.

Makazi yetu ya Nakivale yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwapokea Wanyarwanda, na tangu hapo wamekuja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Kila kundi limekuja na maelezo yake ya mwezi unaofifia, na mengi ni ya mkosi: vita inakuja, mkubwa atakufa, mvua itakatika. Sitaki mtu acheke maelezo ya bibi yake. Ninachoomba ni kwamba usiku huo asipige debe wala kupiga mayowe kufukuza kitu. Wapo watoto kati yetu, na watu wazima pia, ambao kelele za ghafla gizani zinawarudisha mahali walikotoka. Muwaambie siku kadhaa kabla: Ijumaa alfajiri mwezi utapungua, utapungua kwa saa hizi, umekokotolewa kwa dakika, na Jumamosi usiku utachomoza mzima kama kawaida. Mtoto aliyeambiwa saa, akaiona saa hiyo ikitimia, hofu inamtoka yenyewe.

Waislamu wana jibu lao tayari. Katika mafundisho ya Mtume, jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu na havipatwi kwa ajili ya kufa wala kuzaliwa kwa mtu. Alilisema hilo siku jua lilipopatwa na watu wakadhani ni kwa msiba wa mwanawe Ibrahim. Kuna swala ya kupatwa kwa mwezi, rakaa mbili, kila rakaa na rukuu mbili. Mwaka huu imeangukia saa ya kipekee: siku chache baada ya Maulidi, na kivuli kinaanza dakika chache tu kabla ya alfajiri kuingia. Maimamu wa misikiti yetu watajua namna ya kupanga swala hizi mbili, ila nawaomba watangaze ratiba mapema, hata Alhamisi baada ya isha, ili watu wasiulizane uani.

Wachungaji na wakuu wa jumuiya nao wanaweza kusaidia kwa sentensi moja Jumapili ya tarehe 23. Tangazo la kanisani linafika mbali kuliko simu.

Kwa wazazi na walimu, hili zoezi la nyumbani lifanyeni usiku mmoja kabla. Zimeni taa. Wekeni tochi moja juu ya meza, imwelekee mtoto kichwani. Hiyo ni jua, na kichwa chake ni dunia. Mpeni chungwa, alishike mkono ukiwa umenyooka. Huo ni mwezi. Azunguke taratibu mpaka tochi iwe nyuma ya kisogo chake na chungwa liko mbele. Kivuli cha kichwa kitaliangukia chungwa. Kisha ainue mkono kidogo: chungwa linapita juu ya kivuli na kubaki na mwanga. Ndiyo sababu mwezi haupatwi kila unapokuwa mpevu. Njia yake imeinama nyuzi tano hivi ukilinganisha na njia ya dunia, kwa hiyo miezi mingi hupita juu au chini ya kivuli. Mwisho ainue mkono kidogo tu, ili kivuli kiguse chungwa lakini kisilifunike lote. Hapo ameshaiona alfajiri ya tarehe 28.

Mavazi: Agosti alfajiri ni baridi kwenye vilima vyetu. Sweta, kitenge kizito au blanketi la mtoto, viatu vilivyofunika miguu kwa ajili ya nyoka na umande, nguo ya mikono mirefu kwa ajili ya mbu. Mtembee kwa kikundi, watoto wakishikwa mikono. Tochi muifunge kitambaa chekundu au muielekeze chini, isiwaharibie wengine macho. Chai kwenye chupa na mandazi ya jana vinafaa sana, na mama muuza chai akifungua saa 11 badala ya saa 12 siku hiyo, atauza.

Simu zichajiwe Alhamisi mchana, kwa kuwa vibanda vya kuchaji havitakuwa wazi saa hizo. Ukitaka picha, zima mwanga wa kamera. Simu uitegemeze juu ya kitu kisichotikisika; jerikani lililojaa maji linafaa kuliko mkono wa mtu yeyote. Kuza picha kiasi, usivute mpaka mwisho, maana simu nyingi hapo huanza kubuni ukungu. Gusa mwezi kwenye kioo, kisha teremsha mwangaza mpaka duara jeupe lianze kuonyesha umbo. Weka kipima muda cha sekunde tatu ili kidole chako kisitikise. Picha nzuri kuliko zote huenda isiwe ya mwezi peke yake, bali ya mwezi uliomegwa juu ya paa la mabati na watu wamesimama.

Wenye jamaa mbali, mnaweza kuutazama pamoja kwa simu, ila angalieni saa zao. Bukavu, Goma, Uvira, Bujumbura na Kigali wako nyuma yetu kwa saa moja; kwao kivuli kinaanza saa 10 na dakika 33. Kinshasa ni saa 9 na dakika 33, na wao watakiona kilele, saa 11 na dakika 13, kabla mwezi haujazama. Walio London nao wataanza saa 9 na dakika 33 kwa saa za kule na kilele watakiona. Kwa waliohamishiwa Marekani, tahadhari ni tarehe: kwao itakuwa bado Alhamisi usiku, tarehe 27. Wa majimbo ya mashariki, kivuli kinaanza saa 4 na dakika 33 usiku na kilele ni saa 6 na dakika 13. Wa Chicago na Texas ni saa moja mapema zaidi, wa Denver saa mbili. Wao watauona mwanzo mpaka mwisho, mwezi ukiwa juu angani. Dada aliye kule akikutumia picha ya ukingo mwembamba wa mwezi saa 1 na dakika 13 asubuhi yetu, utakuwa umepata ile sehemu uliyonyimwa na vilima.

Kuhusu mawingu, mwisho wa Agosti kiangazi chetu kinaisha na mvua za Septemba zinakaribia, kwa hiyo kuna siku safi na kuna siku za mawingu. Usiamue kwa kuangalia anga ya saa 9 usiku ukarudi kulala. Mawingu ya alfajiri hufunguka na kufunga, na mpasuko wa dakika tano saa 12 na robo utakuonyesha mwezi nusu. Ikiwa magharibi pote pamefungwa ifikapo saa 12 na dakika 40, basi, nendeni mkapike uji.

Mwaka 2027 hautakuwa na kupatwa kwa mwezi kwa kivuli kikuu. Kutakuwa na kule kwa kivuli hafifu tu, ambako ni vigumu kukuona kwa macho. Tarehe 12 Januari 2028 kuna kumegwa kudogo wakati mwezi unazama, hakustahili kumtoa mtoto kitandani. Alhamisi, tarehe 6 Julai 2028, ndiyo ya familia nzima: kivuli kitaanza kama saa 2 na dakika 10 usiku, kilele saa 3 na dakika 20, mwisho saa 4 na nusu, mwezi ukiwa juu na karibu sehemu nne kati ya kumi zimefunikwa. Na Jumapili, tarehe 31 Desemba 2028, mwezi utachomoza Kashojwa mnamo saa 1 jioni ukiwa umeshamegwa sehemu kubwa, na kuanzia saa 1 na dakika 17 mpaka saa 2 na dakika 28 utapatwa wote. Siku hiyo mtasimama kuelekea mashariki, kwa hiyo ule mteremko wa magharibi hautawafaa. Mtahitaji upande wa pili wa kilima, na ni usiku wa mkesha wa mwaka mpya, basi wenye ibada ya mkesha waanze kuzungumza na wachungaji wao kuhusu kuanzia nje.